Kibarua, kipande, mkataba wa muda au mshahara wa mwezi: ajira ipi inafaa biashara ndogo Mombasa?

Kazi inayokwisha leo, mlipe mtu leo mwachane salama. Lakini kazi inayorudi kesho, keshokutwa na mwezi ujao haina kibarua, hata kama unamlipa mtu kila jioni kwa M-Pesa na hujawahi kumwandikia karatasi. Hapo ndipo biashara nyingi ndogo za Mombasa huteleza, kuanzia maduka ya jumla Kongowea na magodauni ya Shimanzi hadi mikahawa ya Mwembe Tayari na hoteli ndogo za Bamburi. Mwenye biashara huchagua "kibarua" kwa sababu anaona ni bei rahisi, kisha miaka miwili baadaye anaitwa na afisa wa kazi, na hesabu yote inageuka.

Ulinganisho huu unamhusu mwenye biashara anayeajiri mtu mmoja hadi ishirini hivi, na unamhusu vilevile mfanyakazi anayetaka kujua amesimama wapi. Sheria inayotawala ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Mishahara ya chini inatoka kwenye amri ya mishahara, na kwa mahesabu tumetumia ile iliyoanza Novemba 2024. Amri mpya ikitoka, badilisha namba. Njia ya kuhesabu inabaki ileile.

| | Kibarua wa kutwa | Kazi ya kipande | Mkataba wa muda | Ajira ya mwezi isiyo na kikomo |
|---|---|---|---|---|
| Malipo | Jioni ileile | Kazi ikiisha au mwisho wa mwezi, lolote litakalotangulia | Kila mwezi | Kila mwezi |
| Maandishi | Daftari la kila siku | Daftari la vipande. Mkataba kazi ikifika miezi 3 | Mkataba wenye tarehe ya mwisho | Barua ya ajira |
| Kuachana | Jioni yoyote, bila notisi | Kipande kikiisha, kama kweli kinaisha | Tarehe ikifika | Notisi ya siku 28 kwa maandishi, pamoja na sababu halali |
| Likizo ya malipo | Hana, mpaka hadhi ibadilike | Hutegemea muda aliokaa | Siku 1¾ kwa kila mwezi uliokamilika, akishafikisha miezi 2 | Siku 21 za kazi kwa mwaka |
| Fidia ya ajali kazini | Anayo | Anayo | Anayo | Anayo |
| Mahali pake | Kushusha kontena, kuhamisha mzigo | Kufunga viungo, kushona pindo, kuchonga | Msimu wa watalii, msimu wa sare za shule | Kaunta, jikoni, stoo, ulinzi |

Kibarua wa kutwa

Kisheria, kibarua ni mtu anayeajiriwa kwa muda usiozidi saa 24 kwa mara moja na kulipwa siku ikiisha. Kontena limefika, unahitaji watu sita walishushe, saa kumi jioni kila mmoja anapokea pesa zake na hakuna anayemdai mwenzake. Kwa kazi ya namna hiyo, hakuna ajira iliyo bora kuliko hii.

Kifungu cha 37 ndicho kinachobadilisha mambo. Kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kwisha kabla ya miezi mitatu, sheria inamhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi. Hahitaji kukubaliwa na mwajiri. Kuanzia hapo ana haki ya notisi ya siku 28, siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na akiendelea kukaa anaanza kupata likizo na siku za ugonjwa.

Wengine hujaribu kukwepa kwa kumpumzisha mtu siku mbili kila mwisho wa mwezi kisha kumrudisha. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa hapa Mombasa pia, haiishii kwenye siku hizo mbili. Hutazama kazi yenyewe. Duka lililofunguliwa kila siku kwa miaka mitatu halina "kazi ya kutwa" ya kupanga mzigo kwenye rafu. Na kama huna mkataba wala daftari la kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwaje unakuwa wako mwajiri. Mfanyakazi mwenye meseji za M-Pesa za miezi ishirini na nne ana ushahidi tosha mfukoni mwake.

Tupige hesabu. Chukua mtu wa kazi za jumla, yaani mpakiaji, mfagiaji au tarishi. Amri ya Novemba 2024 ilimwekea mshahara wa msingi wa Sh16,113.75 kwa mwezi Mombasa. Amefanya kazi miaka miwili kama "kibarua", bila likizo, bila NSSF, kisha akaambiwa kesho asije. Kwa mshahara wa msingi peke yake, ukigawa mwezi kwa siku 26:

- Notisi ya mwezi mmoja: Sh16,114
- Likizo ya siku 42: takriban Sh26,030
- Malipo ya utumishi, kwa kawaida siku 15 kwa kila mwaka: takriban Sh18,593

Jumla ni kama Sh60,737. Bado hujaweka posho ya nyumba ambayo hakulipwa, wala ovataimu, wala pengo kama kutwa yake ilikuwa chini ya kiwango. (Kiwango cha kutwa kina safu yake ndani ya amri, na kiko juu kuliko mshahara wa mwezi ukiugawa kwa 26, kwa hiyo usikadirie kwa kichwa.) Mahakama ikiona aliachishwa isivyo haki, inaweza kuongeza fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, yaani hadi Sh193,365 kwa mshahara huo wa msingi. Michango ya NSSF ambayo haikupelekwa bado inadaiwa, pamoja na adhabu zake.

Ukimtumia kibarua kwa kazi inayokwisha kweli, weka daftari lenye safu saba: jina kamili, namba ya kitambulisho, kazi ya siku hiyo, saa ya kuingia, saa ya kutoka, malipo, sahihi. Andika kazi kwa jina lake: "kushusha mifuko ya mchele, lori moja." Ukiandika "kibarua" kwenye safu ya kazi, mwaka ujao hakuna atakayejua mtu huyo alifanya nini na kama kazi ile iliisha. Sahihi itiwe pesa zikishatolewa, kila jioni. Daftari linalotiwa sahihi za wiki nzima siku ya Jumamosi huonekana: kalamu ni moja, mkono umechoka mahali pamoja, na halimsaidii yeyote mbele ya afisa wa kazi.

Mshahara wa mwezi

Watu wengi wanaogopa aina hii kwa sababu hawajaipigia hesabu. Mfanyakazi yuleyule wa kazi za jumla, kwa mwezi:

Msingi ni Sh16,113.75. Posho ya nyumba, kama humpi pa kulala, ni asilimia 15 ya msingi, yaani Sh2,417. Jumla ni Sh18,531.

Anakatwa NSSF asilimia 6 (Sh1,112), bima ya afya ya jamii SHIF asilimia 2.75 (Sh510), na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 (Sh278). Kodi ya mapato haimgusi, kwa kuwa msamaha wa Sh2,400 kwa mwezi unafuta kodi ya mtu asiyezidi Sh24,000. Anabaki na kama Sh16,631 mkononi.

Wewe mwajiri unaongeza NSSF Sh1,112, ushuru wa nyumba Sh278 na ada ya mafunzo ya NITA Sh50. SHIF huongezi kitu, ni ya mfanyakazi peke yake. Gharama yako ya mwezi ni takriban Sh19,971. Kwa hiyo nyongeza juu ya mshahara wake ni Sh1,440, na kwa miaka miwili ni kama Sh34,555. Weka namba hiyo kando ya deni la kibarua hapo juu, kisha uamue.

Kosa la kawaida zaidi katika aina hii ni kuchanganya posho ya nyumba na msingi bila kuandika. Ukimlipa Sh18,600 kwa mkupuo na barua yake ikasema tu "mshahara Sh18,600", anaweza kudai posho ya nyumba juu yake. Andika "mshahara huu unajumuisha posho ya nyumba", au tenganisha mistari miwili kwenye hati ya mshahara. Mistari miwili ni salama zaidi.

Kosa la pili ni kukata bila kupeleka. Pesa zikishakatwa kwa mfanyakazi si zako tena. Zinatakiwa zifike zinakokwenda mwanzoni mwa mwezi unaofuata, na tarehe 9 ndiyo ya kukaa nayo kichwani. Mtu anakwenda hospitali na mtoto anaambiwa michango yake haionekani, ilhali hati yake ya mshahara inaonyesha amekatwa miezi yote. Huo ni udhalimu, na hauna jina jingine.

Saa za kazi kwa biashara nyingi zisizo na amri yake maalumu ni 52 kwa wiki, zikigawanywa siku sita. Mlinzi wa usiku 60. Zaidi ya hapo ni ovataimu: mara moja na nusu siku za kawaida, mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu, Idd-ul-Fitr ikiwemo. Saa moja hupatikana kwa kugawa msingi wa mwezi kwa 225. Kwa msingi wetu ni Sh71.62, hivyo ovataimu ya kawaida ni Sh107.43 kwa saa na ya sikukuu Sh143.23. Mkahawa unaofunga saa nne za usiku na kufungua saa kumi na mbili asubuhi kwa watu walewale unadaiwa saa hizi kila siku, hata kama hakuna anayeziandika.

Makato nayo yana mipaka. Unaweza kukata siku ambayo mtu hakuja kabisa bila ruhusa wala sababu halali. Sheria haikutaja faini ya kuchelewa, kwa hiyo kumkata Sh200 anayevuka kutoka Likoni kwa sababu foleni ya feri imemchelewesha hakuna msingi. Hayo ni mambo ya onyo la maandishi. Upungufu wa pesa kwenye kaunta unaweza kukatwa tu kwa mtu ambaye mkataba wake unamkabidhi pesa, na upungufu uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Kugawanya upungufu kwa wahudumu wote wa duka, jambo linalofanyika sana, hakukubaliki. Na makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara.

Kumwachisha mtu wa mwezi kunahitaji sababu na utaratibu, na hapa ndipo kesi nyingi hupotezwa na waajiri waliokuwa na sababu nzuri kabisa. Hata mtu akikamatwa na mzigo wa stoo begani, kwanza mwandikie tuhuma, mpe muda wa kujiandaa, mwite kwenye kikao, mwambie aje na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, msikilize, andika yaliyosemwa, ndipo uamue. Kifungu cha 41 kinataka aelezwe kwa lugha anayoielewa. Barua ya Kiingereza kizito cha mawakili kwa mpishi anayesoma Kiswahili ni kasoro tosha. Andika kwa Kiswahili, fanya kikao kwa Kiswahili.

Muda wa majaribio usizidi miezi sita, na unaweza kuongezwa hadi sita mingine mfanyakazi akikubali. Notisi yake ni siku saba. Usidhani kipindi hicho kinakuondolea wajibu wa kumsikiliza mtu: mwaka 2021 mahakama ya kazi ilitangaza kwamba kumnyima aliye kwenye majaribio haki hiyo kunakwenda kinyume na Katiba.

Mkataba wa muda

Pwani ina misimu, na mkataba wa muda ndio unaoendana nayo. Hoteli inayojaa Desemba na kukauka masika yakianza baada ya Pasaka haina haja ya wahudumu kumi mwaka mzima. Mshona sare anayelemewa Desemba na Januari naye vivyo hivyo. Andika tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, kazi, mahali, saa, mshahara, na notisi endapo mmoja atataka kuondoka mapema. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika sana. Bila hicho, ukimtoa mtu katikati unafungua mlango wa kudaiwa miezi iliyobaki.

Faida yake kubwa ni kwamba tarehe ikifika mkataba unakwisha wenyewe. Faida hiyo hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumwacha mtu aendelee kuingia kazini baada ya tarehe bila karatasi mpya. Ya pili ni maneno matamu: meneja akiwaambia watu "msiwe na wasiwasi, mtaongezewa tu", amewapa matarajio ambayo mahakama inaweza kuyapima. Wiki mbili kabla ya mwisho, mpe kila mmoja barua fupi inayosema mkataba unakwisha tarehe fulani, au unaongezwa hadi tarehe fulani. Kwa mkataba wa miezi mitatu likizo yake ni siku 5 na robo. Mlipe pamoja na mshahara wa mwisho, na kama amefanya kazi wiki nne au zaidi mpe cheti cha utumishi.

Mkataba ukishaongezwa mara tatu, nne, kwa kazi ileile isiyo na msimu, mpe mtu ajira ya mwezi. Kwa watu wa hoteli wa mwaka mzima, ipo njia ambayo haitumiki vya kutosha: kubalianeni likizo ya siku 21 iangukie Mei na Juni, wakati vyumba viko vitupu. Inapunguza haja ya kupunguza watu, jambo ambalo lina notisi ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa kazi, vigezo vya nani aondoke, na kiinua mgongo cha siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Kipande

Kipande ni haki pale ambapo kazi inahesabika na mfanyakazi mwenyewe ndiye anayeamua mwendo wake. Tatizo ni bei. Wengi hupima saa moja nzuri ya mtu hodari, kisha wanaifanya ndiyo kipimo.

Mfano wa kufunga viungo kwa ajili ya maduka ya Marikiti: tuseme mtu hodari anafunga pakiti 50 kwa saa. Mshahara wa chini pamoja na posho ya nyumba, ukigawa kwa 225, ni Sh82.36 kwa saa, kwa hiyo bei inaonekana kuwa Sh1.65 kwa pakiti. Lakini kuna kupepeta, kupima, kusubiri mashine ya kuziba ipate moto, kufagia vumbi la pilipili. Kwa saa nane zinatoka pakiti 320. Mshahara wa chini wa saa nane ni Sh659, na bei ya kweli ni Sh2.06. Ukilipa Sh1.65, mtu anatoka na Sh528 na umemlipa chini ya sheria bila kujua. Pima siku nzima, tena siku tatu tofauti, na mtu wa wastani. Kwa fundi mwenye daraja, tumia safu yake kwenye amri. Iko juu zaidi.

Pakiti zilizovuja usizikate kama mashine ndiyo mbovu. Na mtu wa kipande anayeripoti kila siku kwa saa uliyompangia, kwa mwaka mzima, ni mwajiriwa wako, vyovyote unavyomlipa.

Wakala

Kupata watu kupitia kampuni ya wakala kunafaa ulinzi na usafi. Hakikisha kampuni imesajiliwa, na kila mwezi iombe uthibitisho wa NSSF na SHIF wa watu waliopo kwako. Kuwahamishia kwa wakala wapishi wako wale wale, wanaoendelea kuamriwa na wewe, ni njia ya kukimbia wajibu, na wewe ndiye utakayefuatwa.

Ajali

Sheria ya fidia ya ajali kazini ya mwaka 2007, WIBA, inamlinda kila mfanyakazi tangu saa ya kwanza, kibarua akiwemo. Unaponunua bima usitaje watu wa mwezi peke yao. Taja pia wastani wa vibarua na jumla ya malipo yao ya mwaka, la sivyo siku mfuko utakapomwangukia mtu mguuni kampuni ya bima itasema hakuwemo. Ajali ikitokea, mfanyakazi au mwenzake amjulishe mwajiri mara moja, na mwajiri aripoti kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Ya kifo ndani ya saa 24. Kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu, fidia ni mapato ya miezi 96. Hakuna duka dogo linaloweza kuzitoa hizo kwenye droo.

Ikiwa tayari una "vibarua" wa miezi mingi

Waandikie barua za ajira wiki hii, na tarehe ya kuanza iwe ile waliyoanza kweli. Kuandika tarehe ya leo hakufuti miezi iliyopita, na ukimlazimisha mtu atie sahihi kwamba hakuwahi kukufanyia kazi umempa ushahidi mwingine. Hesabu likizo iliyolimbikizwa, kisha kubalianeni ni siku ngapi atazichukua na lini. Msajili NSSF na SHIF kama hana namba, na anza makato mwezi unaofuata ukiwa umemweleza kwanza, kwa sababu mtu aliyezoea kupokea kutwa nzima akiona pesa zimepungua bila maelezo huona ameibiwa. Wengi wataomba waendelee kulipwa kila wiki. Hilo linaruhusiwa, mradi mkataba useme hivyo, na wewe ndiye utakayejumlisha wiki hizo ili michango ya mwezi itoke sawa. Mfanyakazi ambaye hajaandikiwa chochote ana miaka mitatu ya kupeleka madai tangu jambo lilipotokea, na kama mshahara wake hauzidi Sh80,000 kwa mwezi, kesi inaweza kusikizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo, bila kulazimika kwenda mahakama kubwa.